Maisha ya Bwana Arnold Theiler, Mganga wa Mifugo

Wana-Ushirika wenzangu, kurasa nyingine za kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu zaeleza habari za maghala, za mizani, za mikopo na za mapato. Halmashauri imeniagiza mimi kuandika maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani ambaye kazi yake yawagusa wafugaji. Nimemchagua Bwana Arnold Theiler, Mswisi aliyefanya kazi Afrika ya Kusini. Huenda wengine wakashangaa kwa nini sikumtafuta mtu wa karibu zaidi. Sababu yangu ni hii. Katika mikutano ya vyama vya msingi hakuna swali linaloleta mabishano mengi kuliko lile la majike yenye mimba: je, kondoo au mbuzi mwenye mimba achanjwe au asichanjwe? Mwanachama mmoja asema alichanja kundi lake na mimba zikatupwa. Mwingine alificha majike yake porini siku Bwana Mifugo alipokuja, kisha maradhi yakaingia zizini akapoteza mama na mtoto. Wote wawili husema kweli ya macho yao. Asili ya mabishano hayo tutaiona vizuri zaidi tukiyafuata maisha ya mtu huyu, ijapokuwa yeye mwenyewe alikufa kabla jibu halijapatikana.

Arnold Theiler alizaliwa tarehe 26 Machi, 1867, katika mji mdogo wa Frick, jimbo la Aargau, nchini Uswisi. Baba yake alikuwa mwalimu. Kijana alisomea uganga wa wanyama huko Bern na Zurich, akafuzu mwaka 1889. Kwao waganga wa wanyama walikuwa wengi, na yeye alikuwa na hamu ya kuona dunia, basi mwaka 1891 alisafiri mpaka Pretoria, mji mkuu wa jamhuri ya Makaburu iliyoitwa Transvaal. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 24.

Alifungua kazi yake mjini, lakini wateja hawakuja. Makaburu wa siku zile walikuwa na dawa zao na desturi zao za kutibu ng'ombe na farasi, wala hawakuona haja ya kumlipa kijana mgeni aliyesoma vitabuni. Alipoishiwa akaenda kuwa mfanyakazi katika shamba kubwa la Irene karibu na Pretoria. Huko akapatwa na msiba uliotosha kumrudisha mtu yeyote kwao: mashine ya kukatia majani ya mifugo ilimkata mkono wa kushoto, ukapotea kabisa. Tangu siku hiyo hata mwisho wa maisha yake alifanya kazi akiwa na mkono mmoja wa damu na mmoja wa bandia. Mfugaji anayejua kazi ya kumshika mnyama, kumlaza na kumtoboa mshipa, ataelewa bila kuelezwa jambo hilo lilikuwa na uzito gani kwa mganga wa wanyama.

Bahati yake ilianza kugeuka mwaka 1893, ndui ilipozuka Johannesburg. Dawa ya kuchanjia watu dhidi ya ndui ilitengenezwa kwa kutumia ndama, na Theiler akaitengeneza mwenyewe papo hapo, ikatumika. Mwaka huohuo mchumba wake, Emma Jegge, alifika kutoka Uswisi wakaoana. Bibi huyu alivumilia naye miaka ya umaskini na ya vita, akamzalia watoto wanne.

Sasa tufike kwenye tauni iliyomfanya ajulikane, nayo ni tauni ambayo babu zetu waliijua kabla yake. Sotoka iliingia pembe ya Afrika katika miaka ya 1887 hadi 1889, ikashuka kusini, na katika miaka ya 1890 na 1891 ikapita katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Iliwafagia ng'ombe wa Wamasai na wa makabila mengine wafugaji, ikaua hata nyati wa porini, na nyuma yake ikaja njaa. Mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi. Serikali ya Rais Paul Kruger ikamwajiri Theiler kuwa mganga wake wa mifugo, naye akatoka kwenda kuitazama.

Amri ya serikali nyingi wakati huo ilikuwa kupiga risasi kundi zima palipoonekana mnyama mmoja mgonjwa. Wenye ng'ombe, Waafrika na Makaburu, walichukia, na chuki hiyo haikuwa ya upumbavu, maana waliona mali yao nzima ikiuawa ilhali ugonjwa wenyewe uliruka mipaka na kuendelea. Theiler pamoja na Bwana Herbert Watkins-Pitchford, mganga wa mifugo wa Natal, walifanya majaribio katika wilaya ya Marico. Walijua ya kuwa ng'ombe aliyeugua akapona haugui tena. Basi wakachukua maji ya damu ya ng'ombe kama huyo, yaani seramu, wakawapa ng'ombe wazima, na kinga ikaonekana. Wakati huohuo Profesa Robert Koch wa Ujerumani alikuwa Kimberley, naye akatangaza mwaka 1897 njia yake ya kuchanja kwa nyongo ya mnyama aliyekufa. Njia ya seramu ndiyo iliyosimama baadaye. Katika kazi hii ndipo Theiler alipojifunza kanuni aliyoifuata miaka yote: mnyama aliyepona amebeba dawa ndani ya damu yake, na maradhi yenyewe yakitiwa kwa kipimo na kwa uangalifu yaweza kuwa mlinzi.

Vita vya Makaburu na Waingereza vilipoanza mwaka 1899 alitumika upande wa Makaburu kama mganga wa farasi wa jeshi. Walioshinda ni Waingereza, lakini hawakumfukuza, bali walimpa maabara huko Daspoort nje ya Pretoria. Baadaye, mwaka 1908, kikafunguliwa kituo kikubwa cha uchunguzi cha Onderstepoort, kaskazini ya mji huo, yeye akiwa mkuu wake. Kituo hicho kiko mpaka leo, na wafugaji wa nchi nyingi za Afrika wamekwisha kutumia chanjo zake bila kulijua jina lake.

Wenzetu wanaofuga ng'ombe watapenda kujua ya kuwa jina la mtu huyu limo katika mazizi yao pia. Baada ya sotoka kumaliza ng'ombe wa kusini, watu walinunua ng'ombe wengine kutoka pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, wakawapeleka kwa meli hadi Beira. Pamoja nao ulikwenda ugonjwa uliozuka Rhodesia na Transvaal karibu na mwaka 1902. Wazungu wakauita homa ya Pwani ya Mashariki, na sisi twauita ndigana kali. Theiler alimtambua mdudu wake wa damu kuwa ni mdogo kuliko wale waliojulikana, na yeye pamoja na Bwana Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa Cape, walionyesha ya kuwa kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia ndiye anayeueneza. Mwaka 1907 wataalamu wa Ureno wakaipa jamii ya wadudu hao jina Theileria, kwa heshima yake. Hata hivyo chanjo ya ndigana kali hakuipata yeye, wala Koch aliyeitwa kwa kazi hiyo hakuipata. Katika ndigana baridi alifaulu zaidi: mwaka 1911 alieleza mdudu mpole wa jamii hiyo ambaye, akitiwa katika damu ya ng'ombe, humpa ugonjwa mdogo na kumkinga na ule mkubwa. Mdudu huyo angali anatumiwa katika nchi kadhaa.

Lakini nia yangu ni kondoo na mbuzi, kwa hiyo niyaache ya ng'ombe.

Katika nchi ya Cape na Transvaal kulikuwa na ugonjwa wa kondoo ulioitwa ulimi wa buluu. Kondoo hupata homa kali, midomo na uso huvimba, kinywa hutoka vidonda na mate, na pengine ulimi hubadilika ukawa wa buluu kwa kukosa hewa ya damu. Nyayo huuma pale kwato inapokutana na ngozi, na mnyama husimama mgongo umejikunja, hataki kutembea. Kondoo wa asili wa Afrika hawakuugua sana, na mbuzi aghalabu hawaonyeshi dalili. Waliokufa ni kondoo wa sufu walioletwa kutoka Ulaya, na utajiri wa nchi ile ulikuwa umewekwa juu ya migongo yao. Ugonjwa ulikuja na mvua, mahali pa mabondeni, ukakoma ilipoanza baridi kali. Wafugaji walijua kwa uzoefu ya kuwa kundi likipandishwa milimani au kulazwa ndani usiku, wachache hupatwa. Mwaka 1944 ndipo Bwana du Toit wa Onderstepoort alipothibitisha sababu yake: ugonjwa huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni na usiku.

Theiler alieleza mwaka 1906 ya kuwa kinachosababisha ugonjwa huu ni kitu kidogo mno, hupita katika chujio linalozuia bakteria. Leo twaviita vitu hivyo virusi. Hakuwa na chombo cha kuvionyesha wala cha kuviotesha. Alichokuwa nacho ni kondoo. Alichukua damu ya kondoo mgonjwa akamtia kondoo mzima, kisha damu ya huyo akamtia wa tatu, na hivyo hivyo kwa mfululizo, akichagua mbegu iliyoleta homa ndogo bila kuua. Damu ya mfululizo huo ndiyo iliyokuwa chanjo. Kuanzia mwaka 1907 ikagawiwa kwa wafugaji, na kwa muda wa karibu miaka 40 mamilioni ya kondoo wakachanjwa kwayo.

Wanachama wasidhani kuwa chanjo ile ilikuwa kamili. Kondoo wengine waliugua kwa sindano yenyewe, na wengine waliochanjwa walipatwa baadaye na ugonjwa uleule kana kwamba hawakuchanjwa. Sababu ilifahamika mwaka 1948, Bwana Neitz alipoonyesha ya kuwa virusi vya ulimi wa buluu ni vya aina nyingi, na kinga ya aina moja si lazima izuie nyingine. Sasa zajulikana aina zaidi ya 20. Theiler alikuwa amejenga ukuta mzuri wenye upande mmoja. Walakini mfugaji aliyekuwa akizika sehemu kubwa ya kundi lake kila masika alifurahi kuupata hata upande huo, na nadhani alikuwa na haki.

Jambo moja sharti nilitaje. Kazi hizi zote zilihitaji watu wa kukamata, kufunga, kulisha, kupima homa asubuhi na jioni, na kuchinja. Watu hao wengi wao walikuwa Waafrika, katika nchi ambayo sheria haikuwahesabu sawa na wengine. Katika maandishi ya siku zile ni nadra kuyaona majina yao. Anayeheshimu kazi ya Onderstepoort awape na hao sehemu yao.

Miaka yake ya mwisho serikalini Theiler aliitumia zaidi kuchunguza ugonjwa wa ng'ombe waliokula mifupa ya mizoga kwa njaa ya fosforasi iliyokosekana majanini, wakapooza na kufa kwa sumu iliyomo katika mizoga. Kazi hiyo ilifanywa karibu na Vryburg, na tiba yake ilikuwa rahisi ajabu: kuwapa unga safi wa mifupa. Mwaka 1914 Mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha heshima, akaitwa Sir Arnold. Mwaka 1920 alikuwa mkuu wa kwanza wa kitivo cha uganga wa wanyama kilichoanzishwa hapo Onderstepoort, ili vijana wa nchi ile wasihitaji tena kwenda Ulaya. Alistaafu mwaka 1927, akafa mjini London tarehe 24 Julai, 1936, akiwa na umri wa miaka 69. Mwanawe mdogo, Max, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1899, alikwenda Marekani akatengeneza chanjo ya homa ya manjano ya binadamu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Binti yake Gertrud akawa mtaalamu mkubwa wa kupe wa Afrika.

Baada ya kufa kwake ndipo lilipotokea jambo la mimba.

Wanafunzi na warithi wake pale Onderstepoort waliona kuwa chanjo ya damu ina hatari nyingi, kwani damu yaweza kubeba maradhi mengine. Katika miaka ya 1940 Bwana Alexander na wenzake walifaulu kuotesha virusi vya ulimi wa buluu ndani ya mayai ya kuku yenye kifaranga. Virusi vikihamishwa yai hadi yai vilidhoofika, vikawa havimwugizi kondoo. Ilikuwa hatua kubwa, na njia hiyo ikafuatwa pia Marekani ulipotambuliwa ugonjwa huo kule California mwaka 1952. Kondoo walichanjwa kwa wingi. Mama zao hawakupata homa ya kutisha, walikula, walinenepa, na wenye mali wakaridhika. Lakini wakati wa kuzaa ulipofika, katika makundi ambayo majike yalichanjwa yakiwa na mimba changa, walizaliwa wana-kondoo wa ajabu. Wengine walizaliwa wamekufa. Wengine walikuwa hai lakini hawakuweza kusimama, hawakuona, hawakuitafuta chuchu, wakawa kama waliopumbaa. Walipopasuliwa, ubongo ulionekana haukuumbika, mahali pengine pana maji tu. Mwaka 1955 waganga wa mifugo wa California wakachapisha habari hiyo.

Yafaa tuelewe jinsi mambo yalivyokuwa. Mimba ya kondoo na ya mbuzi ni ya siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Katika mwezi wa pili ubongo wa mtoto hukua kwa kasi, na mtoto mwenyewe bado hana askari wa damu wa kupigana na adui. Virusi vya porini vya ulimi wa buluu kwa kawaida hupata shida kupenya kondo la nyuma. Vile vilivyozoeshwa mayai au chembe za maabara, pamoja na upole wao kwa mama, vilipata uwezo wa kupenya na kumfikia mtoto. Chanjo hai ni maradhi yaliyofundishwa adabu, na adabu ile ilikuwa kwa mama tu. Tena kati ya sindano na kuzaa hupita miezi mitatu au minne, hata mfugaji hakumbuki alichanja lini wala hafikirii kuviunganisha vitu viwili vilivyoachana hivyo.

Katika chanjo ya Theiler mwenyewe, ile ya damu, virusi vilipita kondoo kwa kondoo, havikupita yai. Yeye hakulikuta jambo hili, wala hatuna haki ya kumlaumu kwalo. Kanuni iliyotoka hapo, nayo ndiyo inayofuatwa Afrika ya Kusini kwa chanjo hai ya ulimi wa buluu, ni kuchanja majike kabla ya kupandwa, na kutoyachanja katika nusu ya kwanza ya mimba. Madume nayo huchanjwa baada ya msimu wa kupanda, kwa kuwa homa ya chanjo yaweza kuwapunguzia nguvu ya mbegu kwa muda. Huko Ulaya, ugonjwa ulipozuka katika nchi za kaskazini mwaka 2006, kuanzia mwaka 2008 walitumia chanjo ya virusi vilivyouawa, ambayo haina kitu hai cha kupenya tumbo la mama.

Nasi hapa tunayo mfano wetu wa karibu zaidi. Karibu na ziwa Naivasha nchini Kenya, mwaka 1930, wana-kondoo walikufa kwa mamia na majike yakatupa mimba. Bwana Daubney na wenzake wa maabara ya Kabete wakatambua virusi vipya, nao ugonjwa ukaitwa homa ya Bonde la Ufa. Huenezwa na mbu baada ya mvua kubwa na mafuriko, na humpata binadamu pia, hasa anayechinja mgonjwa au kumzalisha kwa mikono mitupu. Nchi zetu ziliuona kwa ukali katika miaka ya 1997 na 1998, tena 2006 na 2007. Chanjo ya kwanza iliyotumika kwa wingi ilitokana na virusi ambavyo Bwana Smithburn alivipata katika mbu wa Uganda mwaka 1944, vikadhoofishwa kwa kupitishwa katika ubongo wa panya. Ni chanjo hai. Sindano moja hutoa kinga ya muda mrefu, na bei yake ni nafuu. Lakini ikimkuta jike mwenye mimba yaweza kuitupa mimba hiyo au kumharibu mtoto. Kwa majike yenye mimba iko chanjo ya virusi vilivyouawa, nayo hutaka sindano ya pili baada ya wiki chache na marudio ya kila mwaka. Hapo ndipo mwanachama wetu wa kwanza, yule aliyetupiwa mimba, aweza kuwa na kweli.

Yule wa pili naye ana kweli yake katika sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Ivory Coast mwaka 1942, ukathibitishwa Kenya mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008. Huleta homa, makamasi, vidonda vya kinywa na kuhara, huua vibaya sana, na jike mwenye mimba huitupa. Chanjo yake nayo ni hai, iliyofanywa kwa mbegu ya virusi iliyopatikana Nigeria mwaka 1975. Walakini hii imejaribiwa kwa majike yenye mimba na kuonekana salama kwao. Tena ina faida ya ziada, kwa sababu mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga kwa njia ya dang'a, na kinga hiyo humlinda miezi mitatu ya mwanzo au zaidi kidogo. Kumficha jike mwenye mimba siku ya chanjo hii ni kumwacha wazi yeye pamoja na mtoto wake.

Basi zipo chanjo mbili, zote hai, na jibu la moja si jibu la nyingine. Anayeuliza kama jike mwenye mimba achanjwe hajauliza swali lililokamilika mpaka ataje ni chanjo gani, na mimba ina miezi mingapi. Na aliyejibiwa katika kijiji cha jirani kuhusu sotoka asilichukue jibu hilo kwa homa ya Bonde la Ufa.

Nisiache pia kutaja lawama isiyo haki. Siku ya kuchanja mara nyingine twaona kondoo wakikimbizwa juani tangu alfajiri, wakisongamana mlangoni pa zizi, wakishikwa miguu na kutupwa chini na vijana wenye furaha. Jike mwenye mimba kubwa aliyetendwa hivyo aweza kuitupa hata kama sindano ilikuwa ya maji matupu. Tena yapo maradhi mengine ya kutupa mimba, kama brusela, ambayo yalikuwamo kundini kabla Bwana Mifugo hajafika. Kabla ya kuihukumu chanjo, mwanachama apeleke habari upesi, na asiishike mimba iliyotoka kwa mkono usiofunikwa, wala asiwaachie mbwa.

Kwa kusudi hilo daftari la mifugo litakalogawiwa kwa vyama vyote vya msingi mwaka huu limeongezewa safu tatu. Ya kwanza ni ya tarehe ambayo dume liliingizwa katika kundi. Ya pili ni ya tarehe lilipotolewa. Ya tatu ni ya jina la chanjo, kama ni hai au iliyouawa, pamoja na namba iliyoandikwa katika chupa. Wasioandika waweza kumwambia mtoto wa shule awaandikie. Makatibu wa vyama wataleta daftari hizo katika ofisi ya Chama Kikuu kabla Bwana Mifugo hajaagiza dawa, ili majike yenye mimba yahesabiwe mbali na mengine, na chupa ziagizwe kwa hesabu hiyo.